DAT: mtihani mmoja wenye mitihani minne ndani yake

Anayetaka kusomea udaktari wa meno Marekani hukutana mapema na herufi tatu: DAT, kifupi cha Dental Admission Test. Ni mtihani wa kompyuta unaoandaliwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, na karibu kila shule ya meno nchini humo huutaka kabla ya kumfikiria mwombaji. Kwa kuwa umejaa sayansi, wengi huuendea kama walivyoiendea mitihani yote ya sayansi: wanakusanya vitabu, wanapiga msuli, wanakariri. Lakini mtihani mzima una maswali 280, na baiolojia, somo ambalo kukariri kunalipa kuliko mengine yote, ina maswali 40 tu. Yale 240 yaliyobaki yanataka vitu vingine: jicho, kasi, uamuzi wa haraka, na kichwa kilichozoea kukokotoa bila kikokotoo.

Ndiyo maana mtu mwenye alama nzuri chuoni anaweza kupata matokeo ya kumshangaza. Kusoma alisoma sana. Tatizo ni kwamba alisoma kwa namna moja mtihani wenye namna nne.

Siku yenyewe ilivyo

DAT hufanyika kwenye vituo vya Prometric vilivyoko Marekani, kwenye maeneo yake kama Puerto Rico na Guam, na Kanada. Aliye kwingineko inambidi asafiri, na gharama hiyo aiweke kwenye hesabu tangu mwanzo, maana ada ya mtihani peke yake inapita dola 500.

Sehemu ya kwanza ni sayansi asilia: maswali 100 kwa dakika 90, yaani 40 ya baiolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ya kaboni, ile ya ogania. Inafuata sehemu ya utambuzi wa maumbo, ambayo watahiniwa huiita PAT: maswali 90 kwa dakika 60. Hapo kuna mapumziko ya hiari ya dakika 30. Ukirudi unakuta ufahamu, maswali 50 kwa dakika 60, na mwisho hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Ukiongeza robo saa ya maelekezo mwanzoni na robo saa ya dodoso mwishoni, jumla ni saa tano na robo. Fizikia haimo kabisa.

Gawanya muda kwa maswali uone kilichofichika. Swali la sayansi lina sekunde 54. Swali la maumbo, sekunde 40. Swali la hesabu, sekunde 67 na kidogo. Swali la ufahamu lina sekunde 72, na ndani ya hizo umo muda wa kusoma kifungu chenyewe. Ningekuwa naanza leo, namba hizo nne ningezibandika ukutani kabla ya kununua kitabu chochote. Zinaeleza kwa nini kulijua jibu na kulipata ndani ya mtihani ni mambo mawili.

Alama zinavyopikwa

Jambo hili huachwa mpaka mwisho, lakini lingepaswa kuamua ratiba nzima. Hadi mapema mwaka 2025 DAT ilitolewa kwa kipimo cha 1 hadi 30, na ndiyo maana ushauri wa zamani umejaa sentensi kama "lenga 20" au "22 inatosha". Kuanzia tarehe 1 Machi 2025 kipimo kipya ni 200 hadi 600, kikipanda kwa 10. Ukikuta mwongozo unaozungumzia 20, umeandikwa kwa kipimo cha zamani. ADA imetoa majedwali ya kulinganisha vipimo hivyo viwili, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Alama ya kufaulu au kufeli haipo. Kila shule ina macho yake.

Alama inayotazamwa sana ni wastani wa kitaaluma. Huo ni wastani wa alama tano: baiolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, ufahamu na hesabu. PAT haimo humo. Hutolewa peke yake, ingawa shule huitazama pia. Sasa tafakari maana ya tano hizo kugawana uzito sawasawa. Ufahamu, ambao hauna hata ukurasa mmoja wa kukariri, una uzito ule ule wa baiolojia yote. Hesabu, ambayo wengi huigusa wiki ya mwisho, inasimama bega kwa bega na kemia ya kaboni inayowakosesha usingizi. Anayetumia miezi miwili kwenye baiolojia na siku nne kwenye hesabu ameamua, bila kujua, kwamba sehemu moja ya tano ya wastani wake ni ya bahati nasibu.

Jibu baya halipunguzi alama. Kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi, hata zikibaki sekunde kumi na maswali manane. Na baadhi ya maswali ni ya majaribio tu, hayahesabiwi, isipokuwa huwezi kuyatambua. Ukikutana na swali la ajabu lisilofanana na chochote ulichosoma, lijibu upite. Huenda hata halina alama.

Baiolojia: pana kuliko ilivyo na kina

Maswali 40 yanatembea kuanzia seli na molekuli, urithi, mifumo ya mwili, makundi ya viumbe, mpaka mageuzi na ikolojia. Swali moja linauliza kuhusu usanisinuru, linalofuata kuhusu figo, linalofuata kuhusu tabaka za kiinitete. Katika uwanja mpana hivyo, mada moja yenye mvuto inaweza kukuibia wiki nzima na isilete hata swali moja. Mtahiniwa anayejua kidogo kuhusu kila kitu huwa salama kuliko bingwa wa mada tatu.

Kukariri kwenyewe kuna namna. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliojipima kwa kujaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwaacha mbali. Kwa anayejiandaa na DAT, somo hili lina uchungu wake: kusoma sura mara ya tatu kunatia moyo kweli, kwa sababu jioni ile ile kila kitu kinaonekana kimekaa kichwani. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu homoni za tezi ya pituitari. Utaandika mistari miwili na kujiona mjinga. Huko kuhangaika ndiko kunakofundisha. Kadi za maswali zinazorudiwa baada ya siku moja, tatu, kumi, zinafanya kazi hiyo hiyo kwa mpangilio.

(Kwa watakaokuwa madaktari wa meno, hili linafaa kukumbukwa hata nje ya mtihani: enameli ya jino hutokana na ektodemu, ilhali dentini iliyo chini yake hutokana na seli za ukingo wa neva. Jino moja, asili mbili.)

Kemia mbili, tabia mbili

Kemia ya jumla huwaponza watu kwa sababu ndogo sana: kwenye sehemu ya sayansi hakuna kikokotoo. Jedwali la elementi utaonyeshwa kwenye skrini, lakini logi na mgawanyo ni vya kichwani. Chukua mmumunyo wenye ayoni za hidrojeni 3 × 10⁻⁴ mol kwa lita. Anayetegemea kikokotoo anakwama. Aliyejizoeza anajua kwamba logi ya 3 ni kama 0.5, kwa hiyo pH ni 4 kutoa 0.5, yaani takriban 3.5, na kwenye orodha ya majibu ni moja tu linalokaribia hapo. Ametumia sekunde kumi na tano. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi, weka kikokotoo mbali na uanze kukadiria: 0.0821 ya sheria ya gesi iwe 0.08, 22.4 iwe 22. Majibu mara nyingi yameachana vya kutosha kukuruhusu.

Kemia ya kaboni haikubali kukaririwa mmenyuko mmoja mmoja. Iko mingi mno na inafanana mno. Kinachosaidia ni kujiuliza maswali yale yale kila mara: elektroni ziko wapi, zinataka kwenda wapi, na nini kinazizuia? Ukipewa haloalkani ya daraja la tatu pamoja na besi kubwa yenye nguvu, SN2, yaani kundi moja kuingia kwa nyuma huku jingine likitoka, haiwezekani kwa kuwa njia hiyo ya nyuma imezibwa. Jibu linaelekea E2, mmenyuko wa kuondoa unaoacha bondi maradufu. Ukipewa haloalkani ya daraja la kwanza na nukleofaili nzuri isiyo na makeke, SN2 inapita, na umbo la kaboni hiyo linageuka. Mtu mwenye mantiki hiyo atajibu mmenyuko ambao hajawahi kuuona. Chora hatua za mmenyuko kwa mkono, mishale na yote. Kuitazama video ya mtu mwingine akichora hakuhesabiki.

PAT: akili inayozungusha umbo

PAT ndiyo inayotisha zaidi, pengine kwa sababu hakuna somo la shule lenye jina hilo. Lakini sababu ya kuwepo kwake haina fumbo. Daktari wa meno anafanya kazi ndani ya nafasi finyu, mara nyingi akitazama kupitia kioo, kwenye kitu ambacho upande wake mmoja hauonekani. Zamani ADA ilipima jambo hilo kwa mikono: mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 watahiniwa walipewa chaki na kisu wachonge umbo. Kanada iliendelea na kuchonga sabuni kwa muda mrefu zaidi. Leo hakuna chaki wala sabuni. Kinachopimwa ni jinsi akili inavyozungusha umbo, kwa hiyo anayejitamba kuwa na mikono mitulivu bado hajapata faida yoyote.

Aina za maswali ni sita, kila moja ina maswali 15. Ya kwanza ni matundu: unaonyeshwa kitu na matundu matano, useme kitapita kwenye lipi, ukijua kwamba unaweza kukigeuza kabla ya kukiingiza lakini si baada ya kuanza kuingia. Ya pili inakupa mwonekano wa juu na wa mbele, unatafuta wa pembeni, au kinyume chake. Kingo zilizofichika huchorwa kwa mistari ya nukta. Ya tatu ni kupanga pembe nne kuanzia ndogo hadi kubwa. Ya nne ni karatasi iliyokunjwa ikatobolewa. Ya tano ni kuhesabu michemraba, na ya sita ni kukunja mchoro bapa uwe umbo kamili.

Mbili kati ya hizo zina njia ya uhakika, na alama zake ni za kuokota. Kwenye michemraba, rundo limepakwa rangi kila upande ulio wazi isipokuwa chini, nawe unaulizwa ni mingapi yenye pande mbili zenye rangi, au tatu, au nne. Usiihesabu upya kwa kila swali. Kwa kila rundo chora jedwali la 0 hadi 5, pitia mchemraba mmoja baada ya mwingine, tia alama, kisha jibu maswali yote ya rundo hilo kutoka kwenye jedwali. Mnara wa michemraba miwili uliosimama peke yake: wa juu una pande tano zenye rangi, wa chini una nne. Jumla ya alama zako ilingane na idadi ya michemraba. Isipolingana, kuna uliojificha nyuma na umeuruka. Kwenye karatasi iliyotobolewa, chora gridi ya nafasi 16 na ufunue mkunjo mmoja mmoja kinyumenyume, ukiakisi kila tundu kwenye mstari wa mkunjo. Ila angalia kama pale palipotobolewa karatasi ilikuwa na tabaka mbili kweli. Mtego wa swali huwa hapo.

Pembe hazina kanuni ya namna hiyo. Hizo zinataka jicho la seremala, lile linaloona mbao imepinda kabla rula haijatolewa, na jicho hilo huja kwa kuona pembe nyingi. Kinachosaidia kidogo ni kukaza macho kwenye kipeo na kupuuza urefu wa mistari, kwa kuwa mstari mrefu hudanganya.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote kwenye PAT ni kuitengea "wiki ya PAT". Stadi ya aina hii haijengwi kwa wiki moja ya kujifungia. Dakika ishirini kila siku kuanzia siku ya kwanza ya maandalizi, hata siku uliyochoka, zinashinda Jumamosi nzima ya saa sita. Na fanya mazoezi kwenye skrini, kwa sababu pembe iliyo kwenye karatasi unaweza kuigeuza na ya kwenye kompyuta huigeuzi.

Ufahamu na hesabu

Vifungu vya ufahamu ni vitatu, vyote vya kisayansi, na majibu yote yamo ndani yake. Hutakiwi kuja na ujuzi wa mada. Wapo wanaoruka moja kwa moja kwenye maswali na kuwinda jibu kwenye kifungu. Njia hiyo inakwenda vizuri pale maswali yanapouliza ukweli ulioandikwa, na inavunjika yanapouliza msimamo wa mwandishi. Mimi naona afadhali kusoma aya ya kwanza yote, kisha sentensi za mwanzo za kila aya, ili ujue kila jambo limekaa wapi, ndipo uende kwenye maswali. Dakika 20 kwa kifungu, usivuke. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, kikwazo huwa ni kasi ya kusoma, na kasi haipandi ndani ya wiki mbili. Makala moja ya kisayansi kwa siku, kwenye skrini, kwa miezi, ndiyo dawa ninayoijua.

Hesabu si ngumu, ni za haraka: aljebra, uwezekano na takwimu, kusoma majedwali na grafu, maswali ya maneno. Hapa kikokotoo cha kwenye skrini kipo, cha kawaida tu, na kubofya kwa kipanya kunakula muda. Aina moja huwababaisha wasioizoea: hawakuulizi jibu, wanakuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Je, x ni kubwa kuliko y, ikiwa x² ni kubwa kuliko y²? Weka x = −3 na y = 2, kisha x = 3 na y = 2. Majibu yanapingana, kwa hiyo taarifa haitoshi, na hakuna sababu ya kuendelea kuhangaika.

Kuzipanga wiki

Wengi hujipa miezi miwili hadi minne. Mwenye kozi za mwaka mzima za baiolojia, kemia ya jumla na kemia ya kaboni bado mbichi kichwani anahitaji michache. Asiyemaliza kemia ya kaboni bora asubiri. Anza na mtihani wa moko mzima kabla hujasoma chochote. Alama zake zitakuumiza, nazo ndizo zitakazokuonyesha saa zako ziende wapi. Halafu changanya masomo kila siku badala ya kumaliza moja na kuhamia jingine, la sivyo utafika mwezi wa tatu baiolojia ya mwezi wa kwanza imeshayeyuka.

Daftari la makosa lina thamani kuliko kitabu cha tatu cha maswali. Kila kosa liandike kwa sababu yake: sikujua, nilijua nikateleza, au muda uliniishia. Dawa zake hazifanani. Asiyejua arudi kitabuni; anayeteleza apunguze kasi kwenye hatua fulani na asome swali mpaka mwisho; anayeishiwa muda ajifunze kuliacha swali, kulitia alama na kulirudia, jambo ambalo kwa watu walioongoza darasani ni gumu kuliko kemia yenyewe. Ukijumlisha sababu za wiki moja na kukuta nyingi ni za muda, kuongeza kusoma hakutakusaidia kitu.

Wiki za mwisho ziwe za moko kamili, saa tano na robo, saa ile ile utakayofanyia mtihani. Mezani hutapewa karatasi bali vibao vya kuandikia na kalamu za maka, kwa hiyo jizoeze navyo. Jedwali la michemraba kwenye kibao chenye kalamu nene lina taabu yake. ADA huuza mitihani yake ya mazoezi, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na lugha ya mtihani wenyewe. Maswali halisi ya DAT ni siri. Anayekuuzia "maswali ya wiki iliyopita" anakuuzia ama uongo ama kosa linaloweza kufuta matokeo yako.

Kalenda na kurudia

Kujisajili kunahitaji namba ya utambulisho ya ADA, iitwayo DENTPIN, na jina uliloandikisha lazima lilingane na kitambulisho utakachobeba. Tofauti ndogo inaweza kukurudisha mlangoni na ada isirudi. Ukishakubaliwa una miezi sita ya kufanya mtihani. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 60, lakini ripoti hubeba pia matokeo ya nyuma, na shule zitayaona yote mawili. Ndiyo maana "nikaujaribu tu nione ulivyo" ni mpango mbaya; kazi hiyo ifanywe na moko.

Maombi ya shule nyingi hupitia mfumo wa pamoja uitwao AADSAS, ambao hufunguliwa Mei na kuanza kupokea maombi yaliyokamilika karibu na mwanzo wa Juni. Shule nyingi huyapitia kadiri yanavyoingia, kwa hiyo nafasi za mahojiano hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Aliyefanya DAT mwanzoni mwa Mei na hakuridhika, siku 60 zinamfikisha mwanzoni mwa Julai, bado mapema. Aliyeufanya kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti, akirudia ni mwishoni mwa Oktoba. Ombi linaweza kutumwa kabla ya matokeo ya DAT kufika, na barua za walimu na alama za chuo zikaanza kuhakikiwa, ila shule nyingi hazitaligusa mpaka alama ziwepo. Kwa anayelenga mzunguko wa mwaka fulani, basi, tarehe ya kuanzia kusoma ni Januari au Februari ya mwaka huo.